Mguu wa bandia wa Heri Kwetu, Bukavu: kwa askari wa zamani

Kwa askari aliyekatwa mguu, karakana ya Heri Kwetu, kituo cha walemavu, naisifu kwa moyo wote. Mguu hutengenezwa kwa polipropileni, plastiki nyepesi isiyooza kwa mvua zetu. Kidonda kipone kwanza, kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, kifungwe bendeji mpaka uvimbe uishe. Ukipimwa kwa plasta ya kuchukua umbo mapema, kigutu kitapungua baadaye, mguu wa bandia utalegea, ngozi itachubuka. Usikatize mazoezi ya kutembea, hasa ya mteremko. Bukavu ni vilima vitupu! Kila jioni osha kigutu na soksi yake. Wekundu usiotoka robo saa baada ya kuvua mguu wa bandia, rudi warekebishe.

Ndoto za vita zikizidi, Sosame, hospitali ya magonjwa ya akili ya Bukavu, wanatibu akili. Anayesema afadhali afe, asiachwe peke yake, na silaha iondolewe nyumbani siku hiyohiyo.