Makasha makubwa ya kompyuta ya kazi nzito: yapi ya kununua, na kwa mpangilio gani

Wengi hununua kasha kubwa kinyumenyume. Wanapenda kioo kwanza, wanalipa, halafu ndipo wanapoanza kutafuta vipande vya kuingia humo. Kwa kompyuta ya kazi nzito anza na mazabodi (bodi kuu inayobeba vipande vyote) na kadi za michoro. Hizo mbili zikishajulikana, orodha ndefu ya makasha hubaki na matano au sita, na hapo ndipo kioo kinapoingia kwenye mazungumzo.

Kabla ya hapo jiulize kama jukwaa kubwa, yaani prosesa na mazabodi za kazi nzito, unalihitaji kweli. Prosesa ya kawaida ya Ryzen 9 9950X ina viini 16 na wati 170 kwenye karatasi. Kwa kadi moja ya michoro na RAM ya vijiti viwili, hiyo inakaa vizuri kwenye kasha la ATX, ukubwa wa kawaida wa mazabodi. Udhaifu wake hujitokeza ukitaka RAM nyingi: ukijaza sloti zote nne kwa vijiti vya pande mbili, kasi rasmi hushuka kutoka DDR5-5600 hadi DDR5-3600. Threadripper PRO ya soketi ya sTR5 na Xeon W-3400 zina njia nane za RAM, na Threadripper PRO ina njia 128 za PCIe 5.0 (njia za data za kadi), kwa hiyo kadi tatu au nne zinapata nafasi ya kupumua. Gharama yake ni hadi wati 350 kwenye karatasi kwa prosesa peke yake, na RAM ya aina ya RDIMM tu, yaani ya seva. Vijiti vya kompyuta ya kawaida haviingii kwenye sloti hizo kabisa, kwani hata mkato wa katikati uko mahali pengine.

Sasa chukua futi. Mazabodi ya ATX ni mm 305 kwa 244. E-ATX kamili ni mm 305 kwa 330, lakini jina hilo limechakaa: mazabodi nyingi huitwa E-ATX zikiwa na upana wa mm 277 au karibu na hapo, na makasha mengi yenye maandishi ya "E-ATX" hukomea mm 280 au 285. Mazabodi pana kama ASUS Pro WS WRX90E-SAGE SE, yenye mm 330, itaziba matundu ya kupitishia waya au isiingie kabisa. Kwa hiyo soma karatasi ya vipimo mpaka uone neno SSI-EEB, kipimo cha mazabodi za seva. Ukubwa ni uleule wa E-ATX kamili, ila matundu ya skrubu hayakai mahali pamoja. Kinguzo cha shaba (nguzo ndogo inayoshika skrubu ya mazabodi) kilichoachwa mahali pa E-ATX kitagusa mgongo wa mazabodi ya EEB na kuunganisha nyaya zisizopaswa kuonana. Dalili yake ni feni kuzunguka nusu sekunde kisha kimya. Hesabu vinguzo, hesabu matundu, ondoa kilichozidi.

Kipimo cha pili watu hukiruka: idadi ya sloti za nyuma ya kasha. Sloti moja hadi nyingine ni mm 20.32, na mazabodi ya ATX ina nafasi saba. Kadi nene ya sloti mbili ukiichomeka kwenye nafasi ya saba, nusu yake ya pili inahitaji sloti ya nane. Kasha likiwa na saba tu, kadi hiyo haina pa kukaa hata kama kasha lina urefu wa meta moja. Kwa kadi nyingi, nane ndiyo ya chini, tisa ndiyo salama.

Cha tatu ni urefu wa kadi baada ya kutoa nafasi ya rejeta, bamba la kupoza maji ya mfumo wa kupoza. Rejeta nyembamba ya mm 30 pamoja na feni ya mm 25 hula mm 55. Rejeta ya mm 60 yenye feni pande zote mbili hula mm 110. RTX 5090 ya NVIDIA yenyewe ni mm 304 na unene wa sloti mbili, ila za watengenezaji wengine hukaribia mm 360 na unene wa sloti tatu na nusu au zaidi.

Cha nne ni upana. Waya wa umeme wa kadi, 12V-2x6, unaobeba hadi wati 600 unataka kwenda sawa kama mm 35 kutoka kwenye plagi kabla ya kupindwa. Kioo cha ubavuni kikiusukuma, plagi hulegea upande mmoja, pini chache hubeba mzigo wa zote, na plastiki huyeyuka. Sukuma plagi mpaka usione pengo lolote, kisha vuta kidogo kuhakikisha imeshika.

1. Kasha refu lenye wavu mbele: Fractal Design Meshify 2 XL na Phanteks Enthoo Pro 2

Hili ndilo chaguo la kwanza kwa kazi, na linashinda kwa mbali. Meshify 2 XL lina upana wa mm 240, linapokea SSI-EEB, lina sloti tisa za nyuma, na rejeta ya mm 480 inaingia mbele au juu. Kioo kipo ubavuni, kwa hiyo la kuonyesha bado unalo, lakini hewa inaingia moja kwa moja kupitia wavu hadi kwenye kadi. Hakuna kona ya kuzunguka.

Enthoo Pro 2 ni jirani yake wa karibu: mm 240 kwa 580 kwa 560, SSI-EEB, feni hadi 15. Toleo lake la seva lina sloti 11, na kwa anayepanga kadi nne za sloti mbili hilo ndilo la kununua bila kuzungukazunguka. Umaliziaji wake ni wa kawaida kuliko wa Fractal, na ukilitazama usiku lenye taa ndani hutalisifia sana. Sawa tu.

Weka feni tatu au nne za mm 140 mbele ziingize hewa, moja nyuma itoe. Juu weka mbili za kutoa, nyuma ya prosesa, si mbele yake. Feni ya juu iliyo karibu na wavu wa mbele hunyonya hewa baridi na kuitupa nje kabla haijafika popote. Wavu unashika vumbi, na vumbi likijaa kasha la wavu linageuka kasha la ubao. Osha chujio kila mwezi mmoja au miwili, lianike likauke kabisa.

Kwa kadi nyingi, aina ya kadi ni muhimu kuliko kasha. Kadi za kawaida hupitisha joto ndani ya kasha, na ya juu hunyonya pumzi ya iliyo chini yake. Kadi mbili za wati 575 zilizobanana zitapunguza kasi zenyewe hata kwenye wavu bora. RTX PRO 6000 Blackwell ya toleo la Max-Q ni ya wati 300, sloti mbili, na inapuliza joto nje kupitia nyuma. Kadi nne za namna hiyo hukaa bega kwa bega. Toleo lake la wati 600 halifanyi hivyo.

2. Kasha la vyumba viwili lenye kioo mbele na ubavuni: Lian Li O11 Dynamic EVO XL

Ukitaka uzuri unaofanya kazi, ni hili. Pawa saplai na nyaya zinajificha chumba cha pili, mazabodi inabaki peke yake mbele ya kioo. Rejeta za mm 360 zinaingia juu, chini na ubavuni. Kwa kuwa mbele ni kioo, hewa ya kadi inaingia kutoka chini: acha feni tatu za chini ziingize, za ubavuni ziingize, za juu zitoe. Wanaoweka feni za chini zitoe kwa sababu ya muonekano wanaipokonya kadi hewa yake, kisha wanalaumu kadi.

Kasha hili linahitaji kuinuka. Miguu yake ikizama kwenye zulia, feni za chini hunyonya manyoya. Meza au ubao mgumu chini yake unatosha. Lina nafasi kwa kadi moja nene au mbili za sloti mbili. Zaidi ya hapo rudi namba moja.

3. Corsair Obsidian 1000D

Lilitoka 2018 na bado ni jengo: karibu mm 700 kwa urefu wa kusimama na vilevile kwa kina, mm 307 kwa upana, kilo 29.5 likiwa tupu. Mbele linabeba rejeta mbili za mm 480 kando kwa kando, juu moja ya mm 420, nyuma ya mm 240. Linaweza hata kubeba kompyuta mbili, moja ya E-ATX na ndogo ya Mini-ITX. Hiyo ni raha kwa anayetaka moja itengeneze picha huku nyingine ikifanya kazi nyingine.

Tunaliweka la tatu kwa sababu mbele ni kioo cheusi na hewa inapita pembeni mwake. Ukilijenga kwa maji, rejeta hizo nne zinafidia. Ukilijenga kwa hewa umenunua ukubwa usiokusaidia. Likishajaa linapita kilo 40, kwa hiyo watu wawili wa kulibeba, na lisikae kwenye meza ya miguu myembamba.

4. Thermaltake The Tower 900

Hili ni kabati la maonyesho kwa maana halisi: vioo pande tatu, mm 752 kwenda juu, mazabodi imegeuzwa nyuzi 90 na kadi zinaning'inia wima. Nyuma kuna nafasi ya rejeta mbili za mm 560. Limejengwa kwa ajili ya maji, na kwa maji linapendeza kuliko yote hapa. Lakini nyaya za skrini zinatokea juu, kwa hiyo pima urefu wa waya wa DisplayPort kabla, na kadi za feni hazipati upepo wa kuelekezwa. Matengenezo ya mfumo wa maji huchukua siku nzima. Asiyetaka kumwaga na kujaza maji upya mara moja kwa mwaka asilinunue.

5. Makasha ya kioo yenye kadi wima tu, kama HYTE Y70

Kwa kadi moja na kwa macho, ni zuri. Kwa kazi nzito tunaliweka mwisho. Kadi kubwa ni moja, basi. Tena kebo inayoipeleka kadi wima ni ya PCIe 4.0, kadi ya PCIe 5.0 ikilazimisha kasi yake, utapata skrini nyeusi au kompyuta kujizima katikati ya kazi. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mazabodi), weka sloti hiyo kwenye Gen4, yaani PCIe 4.0, kwa mkono kabla ya kufunga kadi.

Kasha likishapatikana, hesabu umeme. Prosesa ya wati 350 na kadi moja ya wati 575 ni 925, weka 150 za feni, pampu na diski, uko 1,075. Pawa saplai ya wati 1,300 au 1,600 ya kiwango cha ATX 3.1 inafaa, kwa sababu kadi huruka juu ghafla kwa muda mfupi mno, na viwango vya ATX 3.0 na 3.1 vinadai pawa saplai istahimili mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Za wati 1,600 hufika mm 200 kwa urefu, na nyaya zinaongeza. Vizimba vya diski vilivyo mbele yake mara nyingi lazima vitoke.

Feni 12 huzichomeki kwenye pini moja ya mazabodi. Pini ya kawaida hubeba ampia 1, na feni nyingi hula 0.2 hadi 0.3, kwa hiyo tatu ndiyo mwisho. Tumia kitovu cha feni kinachochukua umeme wa SATA (plagi ya umeme ya diski), ambao unabeba ampia 4.5 kwa volti 12, na kiunganishe moja kwa moja na pawa saplai. Vibadilishi vya kutoka Molex (plagi ya zamani ya pini nne) kwenda SATA ambavyo plastiki yake imemiminwa kuzunguka pini vina historia ya kuungua. Vitupe hata kama vimekuja bure.

Kioo kigumu hakiogopi kofi katikati, kinaogopa kona. Ukikisimamisha kwenye sakafu ya vigae hata kwa upole, kona ikigusa kigae kinamwagika chote kuwa vipande vidogo. Kitoe kwanza kabla ya kuanza kujenga, kilaze kwenye katoni au blanketi, kirudishe mwisho kabisa.

Kwenye sTR5, prosesa inakazwa kwa bisibisi iliyokuja nayo, skrubu kwa mpangilio wa namba zilizoandikwa, mpaka isikike tiki. Kipoza maji kiwe na bamba linalofunika prosesa yote. Bamba dogo la mviringo la soketi za kawaida linaacha sehemu ya kingo ikipika. Halafu washa na usubiri. Mara ya kwanza, vijiti vinane vya DDR5 vinaweza kuchukua dakika kumi au zaidi kujipima huku skrini ikiwa nyeusi na feni zikizunguka. Wengi hapo huzima, huwasha tena, na kipimo kinaanza upya. Angalia namba za hitilafu kwenye mazabodi: zikibadilika, kazi inaendelea, usiguse kitufe. Na siku ya kuhamisha kasha kwa gari, ng'oa kadi za michoro uzifunge peke yake, ulaze kasha kwa ubavu mazabodi ikiangalia juu.