Walimjazisha mjomba wangu fomu isiyo yake: uzoefu wangu na mawakala wa karatasi za udhamini

Nianze na mema yao, maana mara ya kwanza niliandika kwa hasira nikafuta yote. Mawakala hawa wa kuandaa karatasi za viza wanapokea simu haraka, na dada aliyeshughulikia vyeti vya mume wangu kule Kenya, cha ndoa, cha kuzaliwa na kile cha polisi cha tabia njema, alikuwa makini kweli. Kazi yao ingeishia hapo ningewapa nyota 4.

Lakini sikuwaendea kwa sababu ya vyeti. Niliwaendea kwa sababu ya I-864, fomu ya udhamini wa kifedha ambayo mtu aliye Marekani huahidi kumtegemeza ndugu anayemleta, nayo ndiyo inayowakwamisha wengi. Mimi ni raia wa Marekani, nina mtoto mmoja, na tukimhesabu mume wangu kaya yetu ni watu 3. Kwa viwango vya 2025 nilitakiwa nionyeshe kipato cha dola 33,312 kwa mwaka, yaani asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali. Mshahara wangu ulipungua kidogo. Mali nayo ingesaidia kama ingefika mara 3 ya pengo, nami sina. Mjomba wangu, mwenye grinikadi, anayeishi jimbo jingine na familia yake, akakubali kuwa mdhamini mwenza.

Hapo ndipo walipoharibu. Walimpa mjomba I-864A. Hiyo ni fomu ya mtu anayeishi nyumba moja na mdhamini na kuunganisha kipato chake na cha mwenzake. Mjomba ana nyumba yake. Alipaswa kujaza I-864 kamili ya kwake, aonyeshe kuwa kipato chake kinatosha kaya yake pamoja na mume wangu. Maelezo ya fomu yanalisema hilo waziwazi, na hawa ndiyo kazi inayowalisha!

Na mjomba si mtu wa kutia sahihi ovyo. Aliwapigia akauliza atawajibika mpaka lini. Wakamjibu, "Mzee, hiyo ni karatasi ya kawaida tu, tia sahihi uturudishie." Karatasi ya kawaida! Wajibu ule unaendelea mpaka aliyedhaminiwa awe raia, au atimize robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka 10, au aondoke Marekani moja kwa moja, au yeye au mdhamini wake afariki. Talaka haiufuti. Mjomba aliyasoma hayo mwenyewe baadaye, akanipigia. Hakunifokea. Aliuliza tu kwa nini watu niliowalipa walimficha. Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo nikikumbuka sauti yake natetemeka.

Ofisi ya viza ikairudisha faili, kama ilivyostahili, ikitaka I-864 ya mdhamini mwenza. Nikampigia mkuu wao. "Dada, serikali hubadilisha sheria kila siku, sisi tufanyeje?" Si kweli. Hakuna sheria iliyobadilika hapo, ni wao walioleta fomu nyingine. Kisha akataka nilipe ada upya "kwa kuwa ni mdhamini mpya." Nilipomwambia miezi inapita na mume wangu hajapangiwa hata usaili wa viza Nairobi, akasema: "Mumeo akikupenda atasubiri."

Nilikata simu. Kuna makosa ya kikazi ninayoweza kuyasamehe, hata hilo la fomu pengine ningelisamehe, mtu huchoka akachanganya. Maneno yale, hapana. Ndoa yangu haikuwa kwenye mkataba wao.

Baada ya hapo ndipo nikatazama risiti yao vizuri. Walinitoza muhuri wa mthibitishaji, ilhali I-864 haihitaji muhuri huo. Walinitoza kuagiza muhtasari wa taarifa zangu za kodi (tax transcript), ilhali IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, huutoa bure. Fomu zenyewe ni bure kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani.

Ya mjomba tuliijaza sisi wenyewe, mimi naye kwenye simu, ukurasa kwa ukurasa, tukaambatisha nakala ya grinikadi yake, taarifa ya kodi ya mwaka wa mwisho na barua ya mwajiri. Ikapokelewa bila swali.

Nilikusudia kuwapa nyota 3 kwa ajili ya yule dada wa vyeti, nikashusha hadi 2. Sasa naweka 1, na yule dada anisamehe, kwani anastahili kufanya kazi na watu wengine. Kama mshahara wako pekee unatosha, huwahitaji. Kama unahitaji mdhamini mwenza, hawa usiwakaribishe kwa mzee wako kabisa.

Ada sitaidai tena. Ninachodai ni mkuu wao ampigie mjomba wangu amwombe radhi, naye namba yake anayo, ipo kwenye fomu ile ile waliyomjazisha.