BMW R1200GS na Honda Africa Twin: Miezi Minane ya Kuzimiliki Zote Mbili Malindi

Kwa muda wa miezi minane nilikuwa na pikipiki mbili za safari ndefu chini ya paa moja la makuti hapa Malindi. Moja ni BMW R1200GS ya mwaka 2015, ambayo nilikuwa nimeiendesha kwa miaka mitatu, na nyingine ni Honda CRF1000L Africa Twin ya mwaka 2017, ya gia za kawaida za mguu, si ile inayojibadilishia gia yenyewe. Sikukusudia kuwa nazo zote. Nia yangu ilikuwa kuiuza ya kwanza mara tu ya pili itakapofika, lakini mnunuzi alichelewa, na kuchelewa kwake kukanipa nafasi ya kupita njia zilezile kwa pikipiki zote mbili, majira yaleyale na upepo uleule.

Kwenye karatasi zinakaribiana kuliko mtu anavyodhani. GS ina injini ya sentimita za ujazo 1,170 yenye nguvu farasi 125, na Honda ina sentimita za ujazo 998 na nguvu farasi zisizofika 100. Uzito wa GS ikiwa na mafuta ni kilo 238, wa Honda yangu kilo 232. Kiti cha kila moja kinapangwa kati ya milimita 850 na 870. Vijana wa bodaboda hawakuuliza habari za nguvu hata siku moja, swali lao lilikuwa moja tu, "Mzee, hii inakula mafuta kiasi gani?" Jibu langu ni kwamba GS ilinipa wastani wa kilomita 19 kwa lita na Honda kilomita 20 na kidogo, na kwa kuwa tanki la GS ni lita 20 na la Honda lita 18.8, mwisho wa hesabu zote mbili hunifikisha mahali pamoja.

Tofauti huanza barabarani. Njia ya kwenda Mombasa, kilomita 120 hivi kupitia Gede, Kilifi na Mtwapa, ina matuta mengi kiasi kwamba mwendeshaji hushika breki na kuziachia mchana kutwa, na hapo GS haina mpinzani kwangu. Mfumo wake wa mbele umetenganisha kazi ya kuelekeza gurudumu na kazi ya kubeba mshtuko, hivyo ukishika breki kwa ghafla pua yake haizami. Pua ya Honda huzama, si kwa hatari, lakini abiria aliyeketi nyuma hukugonga kofia kila tuta, na akishuka Mtwapa huwa hana maneno mengi. Silinda za GS zimelala ubavuni, moja kila upande, uzito wake ukawa chini, na kwa sababu hiyo kuigeuza kwenye msongamano ni rahisi kuliko kilo zake zinavyotisha.

Ukiiacha lami kuelekea Marafa, mambo hugeuka. Mchanga wa huko ni mlaini kama unga, na gurudumu la mbele la GS, lenye kipenyo cha inchi 19 na tairi pana, hupenda kuchimba badala ya kuelea. Niliangushwa nayo mara mbili mahali pamoja, na mara zote mbili kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilipunguza mafuta pale nilipopaswa kuongeza. Lakini kuinua kilo 238 mchangani saa saba ya mchana ni kazi ya watu wawili, na mimi nilikuwa peke yangu mpaka alipopita mwenye mkokoteni wa punda. Honda ina gurudumu la mbele la inchi 21, jembamba, na nafasi ya milimita 250 kutoka ardhini. Kilo sita pungufu si kitu. Kilichoniokoa ni lile gurudumu. Njia ileile nimeipita nayo zaidi ya mara kumi bila kuanguka, ingawa sitaapa kwamba nilikuwa stadi zaidi.

Jambo ambalo sikulifikiria kabla ya kununua ni chumvi. Nyumba yangu iko karibu na bahari, na kaskazi ikivuma kila chuma hupata unyevu wenye chumvi usiku kucha. GS haina mnyororo. Nguvu hufika gurudumu la nyuma kwa shafti iliyofungiwa ndani ya mkono wa chuma, kwa hiyo chumvi na mchanga havina pa kuingilia. Kwa miaka mitatu sikujua kazi ya brashi. Mnyororo wa Honda umewekwa wazi, na mafuta unayoupaka ili usipate kutu ndiyo hayohayo yanayonasa mchanga na kuugeuza msasa. Kila Jumamosi ya pili nausugua kwa mafuta ya taa, naupangusa, kisha naupaka oili nzito ya gia, kidogo tu. Nimejifunza pia kutoiosha pikipiki kwa maji ya kisima, kwa sababu kisima chetu nacho kina chumvi. Natumia maji ya mfereji yanayotoka Baricho, yakiwapo.

Msomaji atauliza basi kwa nini niliiuza GS. Niliiuza kwa sababu ya matengenezo. Kubadilisha oili kulihitajika kila kilomita 10,000, jambo ambalo fundi yeyote makini angeliweza, lakini taa ya kukumbusha haikuzimika bila kompyuta yenye programu yake, na kosa lolote la umeme lilisomwa kwa kompyuta hiyohiyo. Hapa Malindi sikuipata. Nilikwenda Nairobi, kilomita 600 hivi kwenda peke yake, maana yake, kwenda na kurudi, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwendo wote baina ya matengenezo mawili iliishia katika safari ya kuyafuata. Honda huomba oili kila kilomita 12,000, na fundi wangu wa hapa huimaliza kabla ya adhuhuri. Mnyororo mpya na sproketi zake huagizwa na kuletwa kwa basi kama kifurushi chochote.

Kwa pancha, nakiri GS ni bora, kwa kuwa tairi zake hazina tyubu na niliziba tundu kwa utambi wa mpira bila kulitoa gurudumu. Honda yangu ina spoki na tyubu, na mwiba wa mgunga ulinikalisha karibu saa mbili kwenye kibanda cha fundi wa pancha, tukilipigania tairi kwa vyuma viwili. Tangu siku hiyo tyubu mbili za akiba haziondoki kwenye sanduku.

Safari iliyonikatia shauri ilikuwa ya Lamu. Nilipitia Garsen na Witu hadi Mokowe, kilomita 220 hivi, nikaiacha Honda bara na kuvuka kwa boti, kwani mji wenyewe ni wa vichochoro na punda. Iliniteremsha bila uchovu, ingawa kioo chake cha mbele ni kifupi na upepo ulinipiga kifuani tangu Garsen. Cha GS hupandishwa kwa kuzungusha kitasa, na hicho nakikumbuka mpaka leo.

Mke wangu anakumbuka kiti. Anasema niliuza pikipiki isiyostahili kuuzwa, na kwa safari za Mombasa siku hizi yeye hupanda matatu.