Nepi ya kununua ni ile inayokauka kabla ya magharibi: mwongozo kwa anayejiandaa kujifungua

Mwaka wa kwanza wa mwanangu wa kwanza, choo cha nyumba tuliyopanga kilijaa kabla ya wakati wake. Vijana walioitwa kukitapisha walishusha mti wenye ndoano, na kilichotangulia kutoka hakikuwa kinyesi. Zilitoka pampasi, moja baada ya nyingine, zimevimba kama mito, nyingine bado picha ya dubu inaonekana mbele. Tulikuwa kina mama wanne wenye watoto wachanga katika ua ule, na hakuna aliyeweza kusema si zake. Zangu nilizitambua.

Nepi ya kutupa, ambayo wengi wetu tunaiita pampasi hata iwe ya kampuni gani, ina punje za kemikali ndani yake ambazo hunywa maji mara nyingi kuliko uzito wake na kugeuka utelezi. Punje hizo zimefungwa katikati ya plastiki. Kwa hiyo ikiingia shimoni haiozi, inavimba tu. Ukiichoma nyuma ya nyumba, moshi wake ni moshi wa plastiki na mtoto yuleyule anauvuta. Mtoto mchanga wa wiki za mwanzo hubadilishwa mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, baadaye hushuka hadi tano au sita. Mpaka aache nepi, akiwa na miaka miwili na nusu hivi, ameshatumia zaidi ya 4,000. Fedha pia zinakwenda. Tuseme pampasi moja mtaani kwako ni shilingi 500 na mtoto anatumia tano kwa siku: hiyo ni 75,000 kwa mwezi, na mwaka ukiisha ni zaidi ya 900,000.

Kwa mtoto wa pili nilinunua nepi za kufua. Nimejaribu karibu kila aina inayopatikana Dar es Salaam, na nimejifunza kwamba dukani tunauliza swali lisilo lenyewe. Tunauliza, "Inanyonya kiasi gani?" Swali la kwanza liwe, "Inakauka kwa muda gani?" Kitambaa kinene kinachokunywa mkojo wa saa nne ndicho hichohicho kitakachokaa kambani siku mbili wakati wa masika. Nepi isiyokauka vizuri inanuka, inamletea mtoto vipele, na inakulazimisha ukimbilie dukani kununua pakiti ya kutupa "kwa leo tu". Nimeona akina mama wengi wakiacha nepi za kufua, na mara nyingi kilichowashinda ni kamba, kufua wanaweza.

Nitazipanga nepi hizi kwa kipimo hicho.

Ya kwanza: kitambaa bapa cha pamba na chupi ya kuzuia maji

Hii ndiyo winda ya bibi zetu, na baada ya kujaribu yote naiweka juu bila kusita. Ni kitambaa cha tabaka moja, mraba au karibu mraba, unachokikunja mwenyewe. Kikiwa kambani kimetandazwa chote, jua na upepo vinapita. Siku ya jua nikianika saa nne asubuhi, adhuhuri naanua. Hakuna aina nyingine iliyowahi kunifanyia hivyo.

Huenda usihitaji kununua hata kimoja. Fungua sanduku utoe khanga kuukuu. Khanga ina upana wa karibu sentimita 150 na kimo cha 110. Igawe sehemu tatu kwa upana na mbili kwa kimo, utapata vipande sita vya sentimita 50 kwa 55. Kunga kingo kwa cherehani. Kuukuu ni bora kuliko mpya kwa sababu mpya ina wanga, na wanga hufanya maji yateleze juu badala ya kuingia. Ukinunua mpya, ifue mara nne au tano kabla mtoto hajazaliwa.

Hakikisha tu ni pamba tupu, maana siku hizi sokoni kuna khanga za mchanganyiko. Chomoa uzi mmoja uuwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Ukiona umeyeyuka na kuacha tone gumu jeusi, hiyo ni poliesta, jifunge wewe. Shuka kuukuu za pamba za mitumba nazo zinafaa sana, na shuka moja kubwa hutoa vipande vingi kuliko khanga.

Mama alipokuja kunilea siku zile arobaini, alinikuta nakunja winda pembetatu na kuikaza tumboni kwa pini. Akaniambia, "Mwanangu, hapo unamfunga mtoto au unafunga mzigo?" Akaifungua, akaikunja upya: kwanza pembetatu, kisha akaukusanya upande mmoja katikati ukawa mkanda mnene wa vidole vinne unaopita miguuni, na pembe mbili zilizobaki akazizungusha kiunoni. Akapenyeza vidole viwili kati ya kitambaa na tumbo. Vikiingia bila shida, imekaa. Unene unakuwa pale mkojo unapotokea, na mapaja yanapumua. Tangu siku hiyo sikuvujiwa tena ovyo.

Nunua au kata vipande 24 hadi 30. Pesa zako zielekeze kwenye chupi ya kuzuia maji, maana hapo ndipo akina mama wanapodanganyika. Ile ya plastiki tupu inayopiga kelele kama karatasi iache, inamchemsha mtoto. Tafuta ya kitambaa cha poliesta kilichopakwa utando wa plastiki kwa ndani. Ivute lastiki ya miguuni mara kumi papo hapo dukani: ikirudi ileile ni nzuri, ikianza kulegea mikononi mwako iache. Ikiwa na kingo mbili miguuni, moja ndani ya nyingine, ni bora zaidi kwa kinyesi chepesi cha mtoto anayenyonya. Nne au tano zinatosha, kwa kuwa chupi iliyolowa kidogo unaifuta na kuitumia tena. Inayofuliwa kila mara ni kitambaa. Pini ziwe zile za nepi zenye kichwa kinachofunga. Pini za kawaida zinafunguka.

Ya pili: taulo la mraba

Nepi za taulo zenye sentimita 60 kila upande mama zetu wa mjini wanazijua. Zinanyonya kuliko khanga, kwa hiyo ni za usiku, na za mtoto aliyeanza kutambaa na kukojoa kwa wingi. Kukauka zinachelewa, ila kwa kuwa nazo unazitandaza, siku ya jua zinamaliza kabla ya magharibi. Wakati wa masika zitakusumbua. Nunua kumi, zisiwe ndizo pekee.

Ukienda Karume au soko lolote la mitumba, taulo kubwa la kuogea la pamba linatoa nepi mbili hadi nne. Chagua lililotumika mpaka likawa jembamba, lenye vitanzi vya uzi vilivyo hai bado. Liinue juani: ukiona mwanga unapita kidogo kila mahali, hilo ndilo. Zito na nene acha, litakukalia kambani.

Ya tatu: nepi ya mfuko

Hizi ndizo zinazouzwa kwa picha nzuri mtandaoni, za rangi, zenye vifungo vya kubofya vya kuongeza na kupunguza ukubwa. Nje kuna kitambaa kisichopitisha maji, ndani kitambaa laini, na katikati kuna mfuko unamotia pedi. Baba, shangazi, dada wa kazi, kila mtu anaweza kumvalisha mtoto bila kufundishwa, na faida hiyo ni kubwa katika nyumba ambayo mama anarudi kazini baada ya miezi mitatu. Ganda la nje linakauka haraka. Pedi ndiyo inayochelewa, ila unaitoa na kuianika peke yake.

Muulize muuzaji pedi ni ya nini. Za bei ya chini ni za maikrofaiba: zinanyonya haraka, lakini mtoto akizikalia zinakamuliwa na kuvuja, tena zisigusane na ngozi yake moja kwa moja kwa sababu zinaikausha. Zile za kijivu zinazoitwa za mianzi na mkaa mara nyingi ni poliesta kwa sehemu kubwa. Kwa nini ulipie pedi hizo wakati khanga iliyokunjwa inaingia mfukoni mle na kukauka upesi zaidi? Nunua maganda, ujaze vitambaa vyako. Mimi ndivyo nilivyomaliza.

Usinunue seti ya 20 kwa mkupuo hata ukipewa punguzo. Nunua mbili, mvalishe mtoto wiki mbili, ndipo uamue. Watoto wana mapaja tofauti. Na uziepushe na jiki na maji ya moto sana. Lastiki inakufa na utando unabanduka, kisha mtoto wa pili hatazikuta.

Ya nne: nepi iliyoshonwa yote pamoja

Ganda na pedi vimeshonwa kitu kimoja. Ni rahisi kuvalisha, ghali kununua, na haikauki. Ukiishi Dodoma penye jua kali na hewa kavu labda. Pwani, na Bukoba kunakonyesha karibu mwaka mzima, sikushauri.

Ya mwisho: pampasi

Naiweka mwisho, lakini kabatini iwepo pakiti moja ndogo. Safari ya basi ya saa kumi, mtoto anayeharisha, wiki ambayo maji yamekatika, siku ambayo mama mwenyewe anaumwa: hapo itumie na usijilaumu. Kinyesi kitikise chooni, nepi ikunje na kuifunga, iende kwa gari la taka. Isiingie shimoni.

Kuhusu maji na jua

Wanaonunua maji kwa dumu wananiuliza hili kwanza, na wana haki. Kwangu nepi za siku moja zilimaliza madumu mawili hadi matatu ya lita 20. Siloweki. Chafu nazihifadhi kavu kwenye ndoo yenye mfuniko, maana kuloweka siku nzima kunaongeza harufu na kula maji. Asubuhi nasuuza, nafua kwa sabuni ya kipande, nasuuza tena mara mbili. Maji ya kusuuzia ya mwisho yanafulia nepi za kesho au yanaoshea choo. Dawa ya kulainisha nguo usitumie, inaziba nyuzi na nepi inaacha kunyonya.

Mwaka 2008 wakala wa mazingira wa Uingereza ulitoa utafiti uliolinganisha nepi za kufua na za kutupa. Ulionyesha kwamba tofauti inategemea ufuaji: ukitumia mashine ya kukaushia kila mara, faida ya nepi za kufua inapotea, lakini ukianika nje, ukajaza mashine vizuri na nepi zikatumiwa na mtoto wa pili, athari yake kwa hali ya hewa inapungua kwa karibu asilimia 40. Sisi kamba na jua tunavyo tayari.

Anika juani, usianike kivulini. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi; nguo ikivaliwa, funza wake wanaingia kwenye ngozi na kutengeneza jipu. Jua kali linasaidia, na pasi ya moto inaua mayai yaliyobaki. Piga pasi vitambaa pande zote mbili, hasa mishononi. Chupi za kuzuia maji usizipige pasi, zianike ndani karibu na dirisha.

Kwa anayeanza leo, ningenunua hivi: vipande 24 vya khanga au shuka, taulo kumi za mraba, chupi tano za kuzuia maji, pini sita, ndoo yenye mfuniko, na mita kumi za kamba. Maganda ya mfuko mawili yasubiri mpaka mtoto atimize miezi mitatu. Vya kwangu vilitumika kwa mtoto wa pili miaka miwili na miezi minne, sasa viko kwa mdogo wangu Tanga anayetarajia mwezi ujao. Vipande vinne vilivyotoboka havikwenda. Kimoja nafutia meza ninapoandika haya.