TAHADHARI: Fretibodi za "mpingo" zinazouzwa zikiwa na ukingo tayari

Mafundi wa magitaa, na nyinyi mnaojitengenezea nyumbani, someni kabla hamjatuma hela. Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook na fretibodi, yaani ubao wa mbele wa shingo ya gitaa unaobonyezea nyuzi, zilizokwisha kukatwa mifereji ya kupachika freti (vile vyuma vyembamba vinavyogawa noti) na kuvishwa ukingo mweupe wa plastiki. Anadai ni mpingo wa Kilwa uliokauka vizuri, shilingi 85,000 ubao mmoja, unatanguliza nusu kwa simu. Picha zake zinavutia kweli. Mpingo haumo.

Vijana wawili wa hapa Dar wameniletea mbao zake niwafungie kwenye shingo. Nilipoushika tu ule wa kwanza nikashtuka kwa wepesi wake. Ubao wa milimita 500 kwa 60, unene 6, ukiwa mpingo halisi unapita gramu 200. Huu mzani ulionyesha 112. Nikaupasha moto ukingo upande mmoja na kuubandua polepole kwa kisu chembamba: ndani mti mweupe, rangi nyeusi imepenya kama unene wa kucha, kwingine haikufika kabisa.

Ujanja wote uko kwenye huo ukingo. Una kazi yake halali: unafunika ncha za mifereji, unazuia mabati ya freti yasikuchane vidole mti ukisinyaa, na gitaa linapendeza. Lakini unaziba ubavu na ncha za ubao, yaani pale pale ambapo mnunuzi angeusoma mti. Uso wa juu umepakwa rangi na nta, hivyo kwenye picha hata fundi mzoefu hatambui kitu.

Mifereji nayo ni balaa. Ubao ule unatajwa kuwa wa skeli (urefu wa nyuzi inayopigwa) ya milimita 648, kwa hiyo kutoka nati, kile kipande cha juu ya shingo nyuzi zinapopita, hadi freti ya 12 lazima iwe nusu yake, 324. Nimepima nikapata 321, ilhali freti ya tano iko mahali pake, 162.5. Gitaa la namna hiyo halitakaa sawa hata ulitune kutwa nzima. Mti mwepesi unaweza kuuvumilia, freti zilizokosewa huna la kuzifanya.

Kwa hiyo nunueni ubao mtupu, ukingo mfunge wenyewe. Muuzaji akatae au akubali, mwombeni video akikwangua mgongo wa ubao kwa wembe, na kipande cha masalia akitumbukize kwenye glasi ya maji. Mpingo mkavu unazama. Msitegemee kufuta kwa pamba yenye spiriti peke yake kuona kama rangi inatoka, kwa sababu miti ya jamii ya mpingo nayo huacha rangi. Asetoni ndiyo msiithubutu karibu na ukingo, inayeyusha plastiki.

Kinachoniuma zaidi ni kulitumia jina la Kilwa. Vijiji vya kule vilihangaika kuilinda misitu yao hadi vikapata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009, na leo mtu anauza mti mwepesi uliopakwa rangi kwa jina lao. Anayeuza mpingo kihalali ana karatasi za TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mwambieni awaonyeshe. Huyu ukimuuliza anahamisha mazungumzo, kisha anakublock.

Walioko Kenya na Ulaya, amewaambia pia kwamba mbao zinavuka mpaka bila kibali. Uongo. Jamii ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017 (isipokuwa Dalbergia nigra ya Brazili, iliyo kwenye Kiambatisho cha I chenye masharti makali zaidi). Unafuu uliotolewa 2019 kwa ala za muziki ni wa zilizokamilika pamoja na sehemu zake zilizokamilika, siyo mbao ghafi. Ukiagiza mpingo halisi bila kibali, mzigo unaweza kushikwa forodhani.

Mliokwisha kutanguliza nusu, msimalizie. Hifadhini meseji na muamala, pigeni huduma kwa wateja wa mtandao mliotumia, kisha nendeni polisi na ubao wenyewe mkononi. Mwenye ubao wake na hana uhakika aulete karakana, nitaupima bure.