Solda ya wati 60 iliyonifufulia kinanda cha mjomba (na ile ya 350 niliyoitupa)

Jamani wa Mombasa, leo maoni yangu ni ya ile seti ya solda (chuma cha moto cha kuchomelea lehemu) ya wati 60 yenye kigurudumu cha kurekebisha moto, mpini wa buluu, inauzwa kwa vibanda vingi vya spea. Mimi nimeichukua elfu moja mia nne baada ya kuvutana na muuzaji mpaka tukacheka sote. Na sikuinunua ya kuunga waya wa chaja, nimeitia ndani ya Yamaha DX7 ya mjomba, kinanda cha umeme aina ile iliyotoka 1983, alokuwa akipigia harusi kabla kustaafu, halafu kikalala juu ya kabati Mji wa Kale miaka na miaka, na hewa ya chumvi ya huku mnaijua wenyewe.

Nilipokiwasha kiliwaka vizuri tu ila sauti takataka, majina kwenye kioo herufi za ajabu ajabu, na vitufe vinne bubu. Fundi mmoja akanambia bodi imekufa niuze spea. Kumbe betri! DX7 huweka sauti zake 32 kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri moja ya CR2032, volti 3, hizi hizi za rimoti ya gari, ila Yamaha waliichomelea kwenye bodi kabisa. Ukibonyeza Function kisha 14 kinakusomea volti chenyewe, changu kilikuwa hakijafika hata 1.

Sasa, mimi kwa ubahili nikaanza na solda ya 350 bob, haina kurekebisha chochote. Nikaiweka kwa mguu wa betri, lehemu haiyeyuki, nikangoja, nikakandamiza kidogo, mara kijiduara cha shaba kikabanduka kwenye bodi kama ganda la kidonda. Wallahi nilikaa chini sakafuni.

Ndo nikaenda kuchukua hii ya wati 60. Nikaiweka nyuzi joto 350, nikaongeza tone la lehemu mpya juu ya ile kuukuu, sekunde tatu nne mguu ukalegea wenyewe ukatoka. Tofauti ni hiyo, moto wake haushuki ukigusa sehemu nene ya bodi. Pale palipobanduka nikavusha kiwaya chembamba, nikachomelea kikalio cha betri ili siku nyingine nibadilishe kwa kidole tu (usichomelee betri yenyewe, ikishika moto inaweza kupasuka).

Ubaya wake upo. Plagi ni ya pini mbili za mviringo, bila adapta haiingii ukutani kwetu. Stendi ni kijiwaya, ukikohoa inaanguka. Waya wa lehemu unaokuja nayo tupa, nunua 60/40 (bati 60, risasi 40) ya milimita 0.8. Na zile ncha tano nimetumia moja, ile bapa, zilizobaki mapambo.

Vile vitufe bubu havikutaka solda, chini yake kuna vyuma vyembamba vya springi vimeota kutu ya kijani, nikavisugua pole pole na spiriti safi na kijiti cha pamba, saa mbili mgongo wote unauma. Msitumie thina, itakula plastiki. Na kabla kufungua chochote chomoa waya ukutani ukae kwanza, halafu soma kibandiko cha nyuma, maanake vilivyotoka Japani ni volti 100 na hapa tuna 240, ukichomeka tu umekiaga.

Ukitoa betri sauti zote zinafutika, za kwangu zilikuwa zishaharibika basi sikulia. Nimezirudisha kwa kompyuta na waya wa MIDI, programu ya bure inaitwa Dexed. Jioni nzima ilikataa mpaka nikajua lazima uzime ile Memory Protect (kinga ya kumbukumbu), kisha ubonyeze Function 8 mpaka kioo kiandike SYS INFO AVAIL.

Solda naipa nyota nne, ya tano imekwenda na ile stendi.

Saa tano usiku nikampigia mjomba simu nikamgongea ile piano ya umeme, akanyamaza, halafu akaniuliza, "Mwanangu, Jumamosi utakuwa na gari?"