Nota za jazz kwa wapulizaji watano: zipi ununue, zipi uziache dukani

Mwezi wa sita nilitoa dola 42 kununua nota za jazz kwa kundi letu dogo hapa Moshi: tarumbeta mbili, honi, tromboni na tuba, ile ala kubwa inayotoa besi. Kulikuwa na harusi ya kupigia, na muda wa mazoezi ulikuwa mdogo, kwa hiyo kila mtu alibeba karatasi zake akajifunzia nyumbani. Siku tuliyoupiga wimbo kwa mara ya kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho, kaka yetu wa tuba alifika kipimo cha 41 (kipimo ni fungu la mapigo kati ya mistari miwili ya wima kwenye nota) akashusha ala magotini. Alikuwa anahema, macho mekundu, shati limelowa. Nilidhani anaumwa. Nikachukua karatasi yake nikahesabu: vipimo 48 mfululizo, mapigo manne kila kipimo, bila pumziko hata moja. Kwa kasi ya mapigo 160 kwa dakika, hizo ni sekunde 72 za kupuliza ala inayokula pumzi kuliko zote kundini.

Harusini tulipiga tenzi. Fedha haikurudi. Nilipowasimulia wapulizaji wa sharika nyingine wakaanza kunionyesha karatasi zao, na nyingi zilikuwa na ugonjwa uleule. Ndiyo maana ninaandika mwongozo huu, na ndiyo maana sitagusa habari za wimbo upi ni mtamu au nota zipi ni ngumu. Hayo kila muuzaji atakwambia. Mimi nataka kujua jambo moja: mpuliza tuba atavuta pumzi wapi?

Chanzo cha tatizo ni hiki. Katika jazz besi kwa kawaida hupigwa kwa ala kubwa ya nyuzi ya kusimama (double bass), mtu anachomoa nyuzi kwa vidole. Anaweza kutembea na nota zake nne kwa kila kipimo usiku kucha, kwa kuwa vidole havihitaji hewa. Mpangaji mvivu huichukua besi hiyo kama ilivyo na kuibandika kwenye karatasi ya tuba. Kisha anaisikiliza kwenye kompyuta, nayo kompyuta haina mapafu, inapiga hadi mwisho, anaridhika na kuiweka sokoni.

Sisi tuliolelewa kwenye bendi za tarumbeta za KKKT, kanisa la Kilutheri, tunachelewa kuligundua hilo. Usharikani besi walikuwa watatu, wakati mwingine wanne. Mmoja akivuta pumzi mwenzake anashikilia, wimbo haukatiki. Kwenye kundi la watu watano besi ni mmoja tu. Akinyamaza, sakafu yote imeondoka.

Kwangu mimi namba moja ni nota za Canadian Brass, hasa zilizopangwa na Luther Henderson, zinazochapishwa na Hal Leonard. Sioni haya kusema ninawapendelea. Kundi hilo lilianzishwa Toronto mwaka 1970 na watu wawili, mpuliza tromboni Gene Watts na mpuliza tuba Chuck Daellenbach. Fikiria maana yake. Mpangaji anayeleta kazi kwenye kundi ambalo mwanzilishi wake ndiye mwenye tuba hawezi kuandika vipimo 48 bila pumziko, ataambiwa siku hiyohiyo. Na Henderson hakuwa mgeni wa jazz. Alifanya kazi na Duke Ellington, kiongozi wa bendi ya jazz, akapanga muziki wa majukwaa ya Broadway kule New York, na alipoleta nyimbo za mpiga piano wa jazz Fats Waller kwa wapulizaji watano alizileta kama mtu anayezijua kutoka ndani. Besi inatembea kidogo, inaruka pigo, inaipokeza tromboni, inarudi. Kuna mahali tuba yenyewe inaimba na tarumbeta ndizo zinazoisindikiza. Msikilizaji hasikii pengo lolote, ila mpuliza ameshapumua.

Onyo moja: tarumbeta ya kwanza inapanda juu sana kwenye baadhi ya hizo nota. Kama mpulizaji wako ana mwaka mmoja wa ala, subiri kwanza.

Namba mbili ni Lennie Niehaus, nota zake za Kendor Music. Alikuwa mpuliza saksafoni kwenye bendi kubwa ya Stan Kenton, baadaye akatunga muziki wa filamu za Clint Eastwood. Uzuri wake ni uandishi. Hakuachii neno “swingi”, yaani ule mdundo wa kubembea wa jazz, juu ya ukurasa kisha akakuacha uhangaike. Anaweka alama ya mkazo, alama ya nota fupi, mahali pa kuunganisha, hata kijana aliyekulia kwenye tenzi akizifuata anaanza kusikika kama jazz. Tuba yake haina mapambo mengi, ila inapumua.

Kama mko kumi, hapo mambo yanabadilika. Mpuliza tarumbeta Philip Jones alianzisha kundi lake Uingereza mwaka 1951, na likazoeza dunia umbo la tarumbeta nne, honi, tromboni nne na tuba. Tafuta kazi za mtunzi Chris Hazell alizoliandikia kundi hilo. Kwa umbo hilo tromboni ya nne inaweza kumsaidia tuba, na shida yangu yote inapungua. Ila watu kumi wenye ala nzima, ndani ya mji mmoja, Jumamosi moja! Wenye nao wanajijua.

Enrique Crespo wa Uruguay, mpuliza tromboni aliyeanzisha German Brass, ana mfululizo wa ngoma za Amerika kwa wapulizaji watano. Kuna ragtime ndani yake, mtindo wa Marekani uliotangulia jazz, kuna bossa nova ya Brazili. Si jazz tupu, lakini ukipiga mbele ya watu waliokulia kwenye Morogoro Jazz na Western Jazz, ambao kwao neno hilo lilimaanisha dansi, hakuna atakayekudai chenji.

Za bure zipo kwenye tovuti ya IMSLP, hasa ragtime za Scott Joplin, ambaye alifariki mwaka 1917. Ragtime ina besi ya kurukaruka, pumzi inapatikana. Kagua makosa ya uchapaji kabla ya kugawa.

Sasa niseme kuhusu wauzaji. Mtandaoni mara nyingi unaonyeshwa ukurasa wa kwanza tu wa nota zote kwa pamoja. Ukurasa wa kwanza kwa kawaida ni utangulizi, tuba ina nota mbili tatu na mapumziko tele, unaona mambo safi. Karatasi ya tuba peke yake haionyeshwi. Sauti ya mfano mara nyingi inatoka kwenye kompyuta, na muuzaji hasemi. Ukishalipa unaambiwa bidhaa ya kupakua hairudishwi. Ukitaka karatasi halisi, gharama ya kusafirisha hadi Kilimanjaro inaweza kupita bei ya nota zenyewe. Na bei ni ya dola, benki nayo inakata chake juu ya kiwango cha kubadilisha fedha. Mwalimu wa bendi ya usharika anachangisha hela hiyo kutoka kwa vijana wa bodaboda na mama ntilie. Haki yake ni kuona anachonunua. Ukurasa mmoja wa tuba ungemgharimu nini muuzaji?

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji umwombe karatasi ya tuba. Akikataa, tafuta video ya watu halisi wakiupiga wimbo huo na umtazame mwenye tuba, si mwenye tarumbeta. Ukiipata karatasi, iimbe kwa sauti kwa kasi iliyoandikwa, bila kuiba pumzi pasipo na pumziko. Vipimo vinane kwa mapigo 160 ni sekunde 12, na hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu.

Uliza pia kama kuna karatasi ya ala nyingine ya kuziba nafasi ya honi, maana wapuliza honi huku ni wachache. Na kama bendi yenu inasoma tarumbeta kwa C, kama wapulizaji wa makanisa ya Ujerumani, jua kwamba nota za tarumbeta za Marekani kwa kawaida zimeandikwa kwa B-flat, yaani C ya kwenye karatasi inatoka kama B-flat. Msiposhtuka mapema mtapishana sauti kuanzia nota ya kwanza.

Kuna walioniomba niwatumie ule wimbo wa dola 42 baada ya kuurekebisha. Siwezi, leseni ni ya kundi letu pekee. Nilichofanya ninaweza kuwaeleza: nilifuta pigo la mwisho la kila kipimo cha nne, nikahamisha vipimo vya 17 hadi 24 kwenda kwenye tromboni yangu, na kuanzia kipimo cha 33 nikaiachia tuba pigo la kwanza na la tatu tu. Kaka yetu sasa anafika mwisho akiwa amesimama.